Mfarishi wa Viraka: Leso za Mama na Baridi ya Kitale



Wapenzi wasomaji, wiki hii ukurasa wetu wa nyumbani umetoka pwani ukapanda bara. Mwezi wa Julai tulikwenda Kitale kumtazama ndugu yetu, binti wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye ameolewa huko na alikuwa amejifungua mtoto wake wa pili. Kutoka Kitale tukateremka Bungoma, kwa shangazi wa mumewe, mama mtu mzima ambaye sindano haimtoki mkononi. Tulikwenda kuzuru na kutoa hongera. Tukarudi na somo la kushona mifarishi ya viraka, nalo ndilo tunalowaletea leo.

Sisi wa pwani tumezoea kujifunika leso. Usiku wa Mombasa, hata wakati wa kipupwe, shuka jepesi latosha. Kitale ni habari nyingine. Mji huo uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Mwezi wa Julai mvua hunyesha alasiri, joto la usiku huteremka hadi nyuzi 11 au 12, na alfajiri mtu akitoka kutawadha maji humkata vidole.

Tulimkuta ndugu yetu ameingiza jiko la makaa chumbani, dirisha limefungwa na kitambaa kimeshindiliwa chini ya mlango ili baridi isipenye. Alitueleza kwamba kila asubuhi huamka na kichwa kizito, akidhani ni uchovu wa uzazi. Tulilitoa jiko lile nje kabla hata ya kunywa chai. Na hili tuliseme mapema, kwa kuwa ni jambo la roho za watu: makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa watu hulala wasiamke. Jiko halina mahali katika chumba wanamolala watu, hata kama makaa yanaonekana yamekuwa majivu.

Lakini ukimnyang'anya mtu jiko usiku wa Kitale, wajibika kumpa kitu kingine. Ndipo macho yetu yalipoangukia sanduku lililokuwa pembeni ya kitanda.

Sanduku la leso

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na doti kumi na mbili za leso za marehemu mama yake, aliyefariki mwaka uliopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Dada mkubwa ndiye aliyezikunja na kumpa siku alipokuwa akirejea Kitale baada ya matanga. Mwaka mzima hakuwa amevaa hata moja. Akilifungua sanduku, hulifungua kidogo tu, akanusa harufu ya udi na asumini iliyobaki katika nguo, kisha akalifunga.

Tulipompigia simu shangazi wa Bungoma kumweleza habari ya baridi, jawabu lake lilikuwa fupi: "Zileteni hizo leso. Tutamshonea mfarishi." Ndugu yetu aliposikia neno hilo uso ulimbadilika. Alituuliza maswali mawili, nasi tunaona ni haki kuyajibu hapa, kwani nyumba nyingi zina sanduku kama hilo.

Swali la kwanza: je, leso hizi ni zangu kuzikata?

Mara nyingi akina mama hufa, na nguo zao hugawanywa siku ya tatu kwa mkono wa yule aliye karibu na kabati. Yafaa tukumbuke kwamba nguo za maiti nazo ni mali aliyoiacha. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, kilichobaki ni haki ya warithi wote, kiwe nyumba au kiwe leso. Warithi wakiwa ni watu wazima na wakaridhia kwa moyo mkunjufu mmoja wao achukue nguo, hapana neno. Akiwamo mtoto mdogo miongoni mwao, hakuna mtu mwenye ruhusa ya kusamehe fungu lake kwa niaba yake, na hapo ni vyema kumwendea Kadhi au sheikh wa mtaa kabla ya kugusa kitu.

Ndugu yetu ni mmoja wa watoto wanne, wote watu wazima; baba yao alitangulia, na hapakuwa na mrithi mwingine. Usiku ule ule alimpigia simu kila mmoja. Dada mkubwa aliridhia, akasema leso kukaa sandukuni ni hasara. Kaka naye akaridhia. Mdogo wao wa kiume alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kateni zote, ila ile kisutu aliyokuwa akinibebea mgongoni iacheni nzima. Nitakuja kuichukua." Tuliitoa kisutu ile, nyekundu na nyeusi na nyeupe, tukaiweka kando. Laiti simu ile isingepigwa, ingekatwa pamoja na nyingine, na mkasi hauna toba.

Swali la pili: je, si kumkosea heshima mama, kukata leso aliyoivaa?

Hapa tulimkumbusha historia ambayo wengi wetu tunaisikia bila kuitilia maanani. Leso yenyewe ilizaliwa kwa viraka. Katika karne ya 19, wanawake wa pwani yetu walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vya rangi, ambavyo Wareno walivipa jina la lenço, nasi tukasema leso. Vilikuja vimeshikana katika jora bila kukatwa. Badala ya kununua kimoja kimoja, walikata vitatu vilivyoungana, wakakata na vitatu vingine, wakaviunganisha kwa mshono mmoja, wakapata vazi la vitambaa sita. Baadaye ndipo wafanyabiashara walipoagiza nguo nzima iliyopigwa chapa kwa mfano wa ile iliyoshonwa. Bibi zetu wa kale hawakuona aibu ya mshono. Mshono ndio ulioleta leso tunayoiita yetu.

Shangazi wa Bungoma

Asubuhi ya pili tulishika barabara ya Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma, mahindi mabichi yakiwa yamesimama kila upande juu ya udongo mwekundu. Bungoma iko chini kuliko Kitale, takriban mita 1,400, na mtu huhisi joto likirejea kadiri gari linavyoteremka.

Shangazi alitupokea kwa chai ya maziwa na viazi vitamu. Familia yake ilisilimu zamani kwa njia ya Mumias, mji wa Nabongo Mumia, walikofika misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19 wakiwa na mizigo ya marekani na kaniki. Yeye mwenyewe anakumbuka wazazi wake wakilima pamba na kuipeleka kwenye kiwanda cha kuchambulia cha Malakisi. Iliyobaki nyumbani ilipigwa kwa fimbo ikalainika, ikatiwa katikati ya nguo mbili kuukuu, ikashonwa. Huo ndio mfarishi: tabaka tatu zilizoshikwa pamoja kwa uzi, la juu la kupendeza, la kati la kutia joto, na la chini la bitana.

Aliupima ukimya wa ndugu yetu, akasema, "Mwanangu, wasema akiba haiozi. Nguo huoza." Akaitwaa leso moja kutoka sandukuni, akaifungua na kuielekeza dirishani. Penye mikunjo, mwanga ulipenya kama penye chekecheke: nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika kwa kukaa zimekunjwa mahali pamoja. Akaifungua ya pili, nayo hali ni ile ile. Ndugu yetu alizishika zote mbili kwa muda, kisha akauliza mkasi uko wapi. Shangazi akacheka: "Bado. Mkasi ni wa mwisho. Kwanza maji."

Kuosha kabla ya kukata

Hii ndiyo nasaha tunayotamani kila msomaji aishike, kwa kuwa sisi wenyewe tuliwahi kuidharau. Miaka iliyopita tulimshonea bibi arusi mmoja wa jamaa zetu mfarishi wa leso mpya nyekundu na bafta nyeupe, bila kuziosha. Siku ulipofuliwa mara ya kwanza, wekundu ulitoka ukaenea, na weupe wote ukawa rangi ya waridi yenye mabaka. Kazi ya miezi miwili iliharibika kwa asubuhi moja.

Basi fanya hivi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, ukisugue kwa nguvu juu ya nguo unayotaka kuitumia. Kikipokea rangi, iloweke nguo hiyo peke yake katika maji baridi, uifue na kuibadilishia maji mara kwa mara hadi maji yawe safi. Isipokoma kutoa rangi, usiiweke katika mfarishi mmoja na nyeupe. Itafute kazi nyingine. Hata nguo zisizotoa rangi ni lazima zifuliwe, kwa sababu leso na vitenge vipya huwa na wanga na hurudi vinapoingia majini, kila kimoja kwa kipimo chake. Vikirudi baada ya kushonwa, mfarishi hukunjamana. Baada ya kukauka, zipige pasi, kisha zielekeze dirishani kama alivyofanya shangazi. Penye kupenya mwanga, usikate hapo. Leso iliyovaliwa huchakaa katikati na penye mikunjo. Sehemu za kando na pindo mara nyingi bado zina nguvu.

Hapa ndipo ndugu yetu alipotoa chozi, na ilikuwa mbele ya beseni. Mkasi alikuwa ameukubali. Sabuni ndiyo iliyomshinda, kwani ile harufu ya udi na asumini ingekwenda na maji. Shangazi hakumharakisha. Alimwambia, "Chagua moja. Hiyo hatutaitia maji wala mkasi." Alichagua leso ya manjano iliyopauka, ambayo mama yake alikuwa akijitanda nyumbani, akaifunga ndani ya mfuko, akaurudisha sandukuni. Nyingine zote akaziingiza majini kwa mkono wake mwenyewe.

Vipimo

Leso moja huwa na urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa sentimita 110. Kata viraka vya mraba vya sentimita 22 kila upande, na leso moja nzima itakupa viraka 30. Ukishona kwa kuacha sentimita moja ya mshono kila upande, kiraka kitabaki na sentimita 20, hesabu nyepesi kwa kila mtu.

Kwa kitanda cha mtoto mkubwa, panga viraka 6 kwa 8, yaani 48, upate mfarishi wa sentimita 120 kwa 160. Leso mbili zatosha upande wa juu, na leso nyingine mbili ukiziunga kwa urefu zitatosha bitana, na masalio yake yatakupa vipande vya pindo. Kwa kitanda cha futi tano kwa sita, panga viraka 10 kwa 11, jumla 110, upate sentimita 200 kwa 220. Hapo utahitaji leso nne za juu na nne za bitana. Nguo zikiwa zimechakaa, ongeza moja au mbili, kwa kuwa hutapata viraka 30 katika kila moja. Tengeneza kipimo cha kadibodi ngumu cha sentimita 22, ukizungushie chaki, nawe utakata viraka vyote sawasawa bila kuhangaika na tepe.

Asiye na leso kuukuu asivunjike moyo. Mashati ya pamba ya mitumba, mabaki ya kitenge kutoka kwa fundi, mashuka yaliyochanika katikati, vyote vyafaa. Sharti ni moja: usichanganye pamba na nguo za plastiki, kwani pasi inayonyoosha pamba huiyeyusha ile nyingine, na zikifuliwa hazichakai pamoja.

Rangi

Wengi hukwama hapa. Hutandaza nguo zote nzuri walizo nazo, wakazishona pamoja, kisha wakashangaa mfarishi unapiga kelele. Shangazi ana kanuni ya jikoni, nasi hatujapata iliyo bora kuliko hiyo: panga rangi kama sahani ya chakula. Wali ni mwingi, mchuzi ni wa kiasi, pilipili ni chembe. Rangi ya wali ni ile tulivu inayoshika nusu ya viraka au zaidi: nyeupe, maziwa, maji ya kunde, kijivu. Rangi ya mchuzi hushika karibu theluthi: damu ya mzee, nili, kijani kibichi cha majani. Rangi ya pilipili ni viraka vichache tu, labda kimoja katika kila kumi: manjano kali, rangi ya machungwa, nyekundu ya moto. Mtu hali pilipili kwa sahani.

Mahali pa kutafuta rangi ni pale ulipo. Shangazi alimwaga juu ya mkeka gao la maharagwe mchanganyiko tuliyomnunulia sokoni Kitale: mekundu mazito, ya madoadoa ya zambarau juu ya rangi ya maziwa, ya manjano yaliyofifia, na meusi machache. Akatuambia tuchague leso zinazofanana na rangi hizo. Zilizopatikana zilikaa pamoja kama ndugu, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kukaa pamoja katika gao. Sisi wa pwani tuna gao letu: kuta za chokaa nyeupe, mlango wa mbao nyeusi, bahari ya samawati inayoelekea kijani, na ua moja la mkilua au asumini nyeupe juu ya sinia la shaba.

Kabla ya kushona, tandaza viraka vyote juu ya kitanda kwa mpangilio unaoutaka, urudi nyuma hadi mlangoni, ufumbe macho nusu. Ukifumba hivyo, maua na nakshi hupotea, yakabaki maeneo ya mwanga na giza tu. Ukiona giza limejikusanya pembe moja, badilisha. Kisha uache usiku mmoja na uutazame tena asubuhi kwa mwanga wa jua, kwani taa hudanganya, hasa kati ya nili na nyeusi.

Majina na picha

Leso ni nguo inayosema, nasi tuwe waangalifu na maneno yake. Kiraka chenye jina la Mwenyezi Mungu hakifai kuwekwa miguuni wala mahali pa kukaliwa. Kikate kwa adabu, ukihifadhi mahali safi. Maneno mengine ukiyakata katikati hubadilika maana, na tulimwona mtoto wa shangazi akicheka hadi kupaliwa kwa sentensi iliyozaliwa na viraka viwili vilivyokutana kwa bahati. Yasome kabla ya kuyashona.

Kuhusu picha za tausi, samaki na watu katika vitenge, tunakumbuka kisa mashuhuri cha Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliyetundika pazia lenye picha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipochukizwa nalo, Bibi Aisha alilikata akalifanya mito ya kuegemea. Wanazuoni wana maneno marefu katika mlango huu, na kila nyumba imuulize mwanachuoni wake. Lakini tunafurahi kuona kwamba katika nyumba ile tukufu nguo ilikatwa, ikashonwa upya, ikatumika.

Kushona tabaka tatu

Unga viraka safu kwa safu kwa cherehani au kwa mkono, kisha unga safu na safu. Kila mshono upige pasi kabla ya kuendelea. Tandaza bitana sakafuni uso ukielekea chini, ivutike bila kukunjamana. Juu yake weka tabaka la kati. Shangazi ameacha pamba ya kupiga kwa fimbo, na sufi haitaki kabisa, kwa kuwa vitu hivi vikifuliwa hukusanyika mabonge, na mfarishi usiofulika nyumba ya watoto hauwezi kutahirishwa. Yeye hutumia blanketi kuukuu, au mablanketi mepesi ya mitumba yaliyofuliwa. Juu kabisa weka viraka. Kisha piga bandi kubwa kubwa kutoka katikati kuelekea pembe zote nne, ili tabaka zisiteleze.

Sasa shona kwa mishono midogo inayopenya tabaka zote tatu, safu moja mbali na nyingine kwa upana wa kiganja, usizidishe. Vaa subana kidoleni, la sivyo siku ya pili hutaweza kushika kijiko. Ukimaliza, fumua bandi, uzungushie pindo la vipande vya upana wa sentimita 6.

Asiye na cherehani wala subira ya kupima miraba anayo njia nyingine. Katika jimbo la Karnataka, nchini India, wanaishi Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika ambao wazee wao walivushwa Bahari ya Hindi katika karne zilizopita. Miongoni mwao wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi inayoitwa kawandi. Hutandika sari kuukuu, huanzia ukingoni, huweka viraka vya ukubwa wowote, wakizunguka na kushona tabaka zote kwa pamoja hadi wakutane na katikati. Mwisho hutia katika pembe nne viraka vidogo vilivyopandana, wanaviita phula, yaani maua, na mfarishi usio na maua hayo husemwa kwamba uko uchi. Tulipomsimulia shangazi habari hii, alinyamaza, kisha akakata pembetatu nne kutoka katika masalio ya leso za marehemu, akazishona pembeni bila neno.

Neno kuhusu watoto wachanga

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asifunikwe mfarishi mzito, wala usiachwe umelegea karibu na uso wake, kwani unaweza kumziba pumzi. Yeye avalishwe nguo za kutosha, fulana na soksi, na mfarishi umfae mama anayeamka usiku kunyonyesha. Hivyo ndivyo tulivyofanya Kitale.

Kazi ilichukua siku tisa, wanawake wanne tukipokezana, shangazi akiwa amepanda nasi hadi Kitale ili kuimaliza. Usiku wa mwisho jiko lilibaki nje barazani. Asubuhi ndugu yetu aliamka kichwa chepesi, akatuambia kwamba usiku, katika kunyonyesha, alikuwa akipapasa viraka gizani akijaribu kukumbuka kipi kilitoka katika leso ipi, na kwamba alivikosea vingi.

Kisutu bado iko kando, inamngoja mwenyewe aje kuichukua. Na ile leso ya manjano imo sandukuni, ndani ya mfuko wake.

Msomaji uliye na sanduku kama hilo, anza wiki hii kwa mambo mawili yasiyohitaji sindano: wapigie simu ndugu zako, kisha zifungue nguo uzielekeze dirishani. Wiki ijayo, inshaAllah, tutaeleza namna ya kushona foronya za masalio, na namna ya kuzuia nondo bila dawa kali.